Kaka anataka vigae, ukuta unataka chokaa

Mwaka juzi mwezi wa Juni, siku ya pili baada ya mvua kukata, kipande cha plasta kikubwa kama sinia ya biriani kilibanduka kwenye ghorofa ya kwanza ya nyumba yetu hapa Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, kikapiga ukingo wa baraza na kuvunjika vipande vitatu. Muuza kahawa alikuwa ameinuka dakika chache tu kabla, kwenda kuongeza maji. Hakuumia mtu. Lakini kuanzia jioni ile watu wa barazani walihamia upande wa pili wa njia, kwa heshima zao zote, bila kusema neno, wakawa wanakunywa kahawa huku wanaitazama nyumba yetu kama mgonjwa. Mie naona bora mtu anidai kuliko kunihamia baraza.

Nyumba ni ya urithi. Tuko ndugu wanne: kaka mkubwa yuko Maskati tangu sisi wengine tuko skuli, dada yuko Dar, mdogo wetu wa mwisho amejenga Fuoni, nje ya mji, na mie ndiye niliyebaki na funguo. Kwa hiyo mwenye fedha ni kaka, mwenye kulala chini ya dari ni mie, na wenye maoni ni wote. Nilipotuma picha ya ukuta kwenye kundi letu la WhatsApp, majibu yalifika sijamaliza hata kufagia. Dada: "Bandua yote, piga saruji nzuri." Mdogo: "Acheni mawe wazi kama mahotelini, yanapendeza." Kaka hakuandika kitu. Alituma picha saba za vigae vya nje, rangi ya mchanga, vimebandikwa kwenye majumba ya mtaani kwake, kisha ikafuata sauti: "Chagueni, nagharamia mimi. Tumalize kabisa, tusirudie tena."

Hilo "tumalize kabisa" ndilo lililonishtua. Ami yangu alisema maneno hayohayo miaka ya tisini, alipoibandua chokaa ya ukuta huuhuu akapiga saruji. Nilikuwa mtoto, lakini naikumbuka mifuko ya kilo 50 ilivyopangwa ukumbini, na ami kasimama njiani, mikono kiunoni, anawaambia majirani kwamba sasa basi, habari ya kupaka chokaa kila inapokaribia Idi imekwisha. Na kweli ukuta ulikaa safi miaka mitano, sita. Kisha chini ukaanza kutoa unga mweupe wa chumvi. Kisha alama za unyevu zikapanda mpaka usawa wa madirisha. Mwisho chumba cha marehemu bibi kikawa na harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi, na kila tulichofukiza, udi na ubani, kilishinda kwa nusu saa tu. Tiba ilikuwa ileile kila mwaka: bandua palipovimba, tia saruji mpya. Viraka juu ya viraka.

Kuna jingine sikulitaja kwenye kundi. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na kuua watu wawili, sote tunaokaa Mji Mkongwe tulirudi majumbani tukazitazama dari zetu. Jumba la Sayyid Barghash, la mwaka 1883, tulilozoea kulitolea mfano wa kitu kisichotikisika. Tangu siku hiyo mlango ukijibamiza kwa upepo moyo wangu unaruka kwanza, akili inafuata baadaye. Kwa hiyo kipande kile kilipoanguka sikufikiria uzuri wa nyumba hata kidogo.

Nilipewa habari za fundi mmoja mzee aliyezoea nyumba za mawe. Alikuja hana futi ya kupimia, ana mwiko tu. Baada ya shikamoo na habari za jamaa wote, aliugeuza mwiko akaanza kuugonga ukuta kwa mpini, taratibu, kama daktari anavyogonga kifua. "Sikiliza, mwanangu." Pengine mlio ulikuwa mzito na mfupi. Pengine ulikuwa mtupu, kama unagonga kopo. Kila palipolia utupu alizungusha duara kwa kipande cha mkaa, na alipomaliza sehemu anayoifikia kwa ngazi, madoa yake yalikuwa zaidi ya nusu ya ukuta. Akaniambia niweke kiganja karibu na sakafu ya baraza. Saa saba mchana, jua la kutosha kukaanga yai, na ukuta ulikuwa baridi kama mtungi.

"Huu unakunywa," akasema, "lakini hana pa kutolea jasho."

Alivyonieleza, na nilivyokuja kuona mwenyewe tulipobandua, mambo yako hivi. Kuta zetu si matofali. Ni mawe ya matumbawe ya kila ukubwa, yaliyotiwa ndani ya chokaa na mchanga na udongo mwekundu, unene wa nusu mita na zaidi. Chini hakuna kitu chochote cha kuzuia maji ya ardhini, kwa hiyo yanapanda ndani ya ukuta kama chai inavyopanda kwenye kipande cha mkate. Zamani hilo halikuwa tatizo kubwa. Chokaa ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji yakipanda yanatokea usoni mwa ukuta, upepo unayachukua, basi. Saruji imeziba. Maji yakikosa njia ya nje yanapanda juu zaidi, au yanaingia ndani ya vyumba, au yanakwenda kukaa kwenye vichwa vya boriti, humo yanaozesha polepole. Na yanabeba chumvi. Ile chumvi ikikauka nyuma ya plasta inakuwa punje, punje zinakua, zinaisukuma plasta mpaka inaachana na ukuta. Saruji ya ami, kwa ugumu wake, ilikuwa ikiondoka na ngozi ya jiwe.

Nikarudi kwenye kundi na habari hizo. Sikueleweka.

Nianze na vigae, maana ndivyo vilivyonichukulia siku nyingi. Mie nasomesha jiografia, kwa hiyo nilimjibu kaka kwa lugha yangu: Maskati inapata mvua ya milimita mia moja hivi kwa mwaka mzima, Unguja ni karibu 1,600. Nikamwambia, kaka, huko kwako mvua ni mgeni, hapa ndiyo mwenye nyumba. Kigae kinabandikwa kwa saruji, juu ya plasta ya saruji, na kigae chenyewe hakipitishi kitu. Ni kosa la ami lililovishwa joho. Akanijibu kwamba vigae vya siku hizi vina gundi maalumu. Nikamwambia uzito. Akaniambia skrubu. Tulikwenda hivyo karibu wiki mbili, hadi nikakumbuka kumwambia kwamba Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kabla ya hapo, tangu 1985, kuna Mamlaka yake yenyewe, na kwamba uso wa nyumba hapa haubadilishwi bila kibali. Huwezi kuamka asubuhi ukauvisha vigae vya rangi ya mchanga. Kimya kidogo. Kisha kaka: "Sasa si ungeanza na hilo?"

Ana haki. Lakini nilitaka akubali kwa sababu ya ukuta, si kwa sababu ya kibali.

Mawe wazi ya mdogo wangu yalinipa shida ya namna nyingine, kwa sababu kweli yanapendeza. Wageni wanayapiga picha. Lakini kuta hizi hazikujengwa zionekane. Kilichoko nyuma ya plasta ni vipande vya mawe vilivyopangwa na mtu aliyejua kwamba vitafunikwa: vipande vidogo vimesokomezwa katikati ya vikubwa, na kinachovishika ni chokaa yenye udongo, laini. Mvua ya masika ikiipiga moja kwa moja inaikomba. Kwenye mahoteli niliyowahi kuingia ukuta wa namna hiyo huwa ndani, penye paa na feni. Halafu, tuseme kweli, bibi angeukuta ukuta wa barazani hauna plasta angeuliza tumefilisika lini.

Rangi sikuifikiria sana. Nilipita dukani, kijana akanionesha ndoo ya rangi ya nje isiyopitisha maji, miaka kumi uhakika. Nikamuuliza, na maji yaliyokwisha kuwamo ndani yatatokea wapi? Akacheka. "Hayo tena, dada, muulize fundi."

Ikabaki chokaa. Fundi alitaja bei, na kwa kazi nzima ilizidi ile ya saruji kwa kama theluthi. Kilichozidi ni mikono na siku, maana chokaa haina haraka. Alitaka tuanze mara moja, tumalize kabla ya vuli, na alinionya kwamba jukwaa la miti litasimama mbele ya nyumba miezi mitatu. Mtoto wa dada alikuwa anaolewa Agosti, na bibi harusi alikuwa atokee kwetu. Picha zote za harusi ile zina miti na kamba nyuma. Mpaka leo dada akinitumia picha hizo huongeza kijisura cha kulia.

Kubandua kulichukua siku tisa. Saruji ilitoka kwa mapande, pengine unene wa vidole viwili, na nyuma yake mawe yalikuwa meusi, yametota, yananuka kisima. Boriti kumi na moja zimeegemea ukuta ule. Vichwa vya mbili vilikuwa vimekwisha, fundi aliingiza mwiko ukazama kama kwenye keki. Mti wa mkoko uliobeba sakafu miaka yote hiyo, na ndani yake unga. Tulipata boriti nyingine, za urefu uleule. Urefu huo, kwa wasiojua, ndio unaofanya vyumba vyetu kuwa virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa mti uliopatikana.

Chini ya dirisha la kushoto saruji ya ami ilikuwa imepita juu ya chokaa ya zamani bila kuibandua. Fundi akaniita nipande nione. Ilikuwa tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama maganda ya kitunguu, kila moja ni mwaka mmoja au miwili ya mtu kapaka nyumba. Nilijaribu kuzihesabu nikachanganyikiwa baada ya ishirini. Kadhaa kati yake zilikuwa na ubuluu wa mbali. Shangazi alipoletewa kipande akakishika juani, akasema, "Nili. Mama alikuwa akitia nili, ile ya kufulia kanzu. Chokaa bila nili inakuwa nyeupe ya kaburi." Kipande hicho ninacho kabatini.

Baada ya hapo kukawa na wiki tatu za kutofanya kitu. Ukuta uliachwa uchi, ukauke. Chumvi ikatoka mbele kama ukungu mweupe; kijana wa fundi akawa anaipiga brashi kavu na kuizoa, maana ukiimwagia maji unairudisha ndani. Barazani wiki hizo tatu tulisemwa. Fedha zimewaishia. Fundi kakimbia. Wanauza. Mzee mmoja alinisimamisha kwa siri akaniuliza mnunuzi ni nani.

Chokaa yenyewe fundi alikuja nayo kutoka kwake, imelowekwa kwenye shimo tangu mwaka uliopita, laini kama mtindi. "Hii ni kama achari," aliniambia, "ikikaa ndiyo inakolea." Ya kupaka mwisho tuliizima hapahapa uani, na hilo nawashauri mlione mara moja maishani, mkiwa mbali. Madonge yanatoka shamba yamekwisha kuchomwa: magogo ya minazi yanapangwa duara, mawe yanarundikwa juu, moto unafikishwa kwenye nyuzi kama mia tisa hivi mpaka jiwe linaachana na hewa ya ukaa iliyomo ndani yake. Ukilitia donge hilo kwenye pipa la maji linachemka lenyewe, bila kuni wala gesi, linatoa mvuke na kurusha. Fundi aliwafukuza watoto wote wa mtaa na kuvaa miwani ya kuendeshea vespa. Halafu, ukishaipaka ukutani, ile chokaa inaivuta tena hewa iliyoipoteza, polepole, miezi, mpaka inarudi kuwa jiwe. Wanafunzi wangu wa darasa la saba sasa wanaijua habari hii kuliko wanavyozijua mito ya Afrika.

Kwanza walitomea, yaani kuziba mashimo kwa vijiwe na chokaa mpaka ukuta ukawa na uso. Kisha plasta ya kwanza, chokaa moja kwa mchanga tatu na udongo mwekundu kidogo, mchanga wa shimo uliooshwa. Wiki zaidi ya moja kungoja. Kisha ya pili, nyembamba zaidi, iliyokandamizwa kwa ubao hadi mistari ya nyufa ikajifunga. Na hapo ndipo mie niliposhirikishwa, maana chokaa ikikauka haraka haishiki. Inataka kunyunyiziwa na kufunikwa magunia mabichi, alfajiri kabla sijakwenda skuli na alasiri nikirudi. Nilikuwa nawamwagia maji wapita njia bila kukusudia, wengi walisamehe.

Ijumaa ya mkesha wa harusi sikumwagia. Nyumba imejaa wageni, hina, sufuria, watoto wa watu. Nilisahau kabisa, na upande ule unapigwa na jua la jioni. Jumatatu fundi alipitisha kidole, kikashuka unga. Kipande cha kama hatua nne kikabanduliwa na kupigwa upya, kwa fedha yangu, si ya kaka. Kaka hajui. Sasa atajua.

Tuligombana mara moja tu na upande wa mafundi. Nilitoka ukumbini nikamkuta kijana anachota saruji kwa kopo anatia kwenye karai la chokaa. "Kidogo tu dada, ishike upesi, tumalize." Nikamwita mzee. Mzee hakupaza sauti. Alilimwaga karai zima kwenye kifusi, akamrudishia kijana likiwa tupu, akaendelea na kazi yake. Nusu saa hivi hakuna aliyezungumza juu ya jukwaa.

Na wasije wenye nyumba za Fuoni wakanielewa vibaya: saruji sina ugomvi nayo. Choo cha uani alikijenga marehemu baba kwa matofali ya saruji, na hicho tulikipiga plasta ya saruji palepale, siku mbili, kikakauka kikaisha. Matofali yale yalizaliwa na saruji, wanajuana.

Mlizamu wa juu, ule mfereji wa kutolea maji ya paa, ulikuwa umepasuka, tukauweka mpya, umetokeza zaidi mbele ili maji yamwagike njiani badala ya kuteleza ukutani. Kama mna fedha ya kitu kimoja tu mwaka huu, anzeni na mlizamu.

Masika mbili zimepita sasa. Sehemu ya chini, kama mkono mmoja kutoka sakafu ya baraza, bado inabadilika rangi kila mvua ikizidi, kisha baada ya wiki mbili inarudi. Chumba cha bibi kinanuka udi peke yake. Watu wa barazani wamerudi, na muuza kahawa anaegemea ukuta ananitilia doa, nimemwambia mara ngapi. Na ndiyo, imebidi tupake tena. Juzi Jumapili nilimpata kijana yuleyule wa fundi, mabeseni mawili ya chokaa nyepesi kama maziwa, na shangazi kaketi kwenye kiti cha plastiki anasimamia nili kijiko kwa kijiko.

Kaka akapiga simu ya video katikati ya kazi. Nikamgeuzia simu aone. Chokaa ikiwa mbichi haionekani. Ukuta ulikuwa na rangi ya kijivu, madoa yote ya mwaka yako wazi, matone yanatiririka.

"Hii ndiyo mliyonitumia hesabu yake?" akauliza. "Mbona kama mmepaka maji?"

Shangazi akaninyang'anya simu. "We, subiri ikauke."